Kujifunza kwa Mikono, Wote Pamoja: Shule ya Mkataba ya San Diego

Kabla ya kuwa mkuu wa shule, Larry Rosenstock alikuwa mwalimu wa useremala. Alikuwa amesomea sheria, lakini kwa miaka kadhaa alifundisha karakana katika shule za sekondari za umma mjini Boston na Cambridge, kaskazini mashariki mwa Marekani. Humo aliona jambo ambalo yeyote aliyewahi kukaa shuleni kwa macho wazi angeliona. Watoto walioletwa kwake kushika randa na msumeno hawakuletwa kwa sababu walipenda mbao. Waliletwa kwa sababu watu wengine walikwisha kuamua kwamba vitabu si vyao. Kwa sehemu kubwa walikuwa watoto wa maskini, watoto weusi na watoto wa wahamiaji.

Sasa, anayetengeneza ngazi ya nyumba hana budi kupima pembe, kugawanya kimo kwa idadi ya vidato, na kukadiria mbao zitakazoharibika. Hiyo ni hesabu, tena ya kweli, kwa maana ukikosea mtu ataanguka. Mtoto aliyeambiwa darasani kwamba hesabu zimemshinda alikuwa akizifanya karakanani bila kujua kwamba ndizo zile zile. Na mtoto wa darasa la juu aliyepata alama nzuri za hesabu hakuwahi kushika patasi. Kazi yote ya baadaye ya Rosenstock yaweza kusomwa kama jibu la swali moja: nani aliyetenganisha kichwa na mkono, na kwa nini kila mara kichwa huenda kwa mtoto wa mwenye nacho?

Jibu lake alilijenga San Diego, katika shule ya mkataba. Neno hili linahitaji maelezo kwa msomaji wa kwetu. Marekani shule za umma huendeshwa na halmashauri za elimu za wilaya, na kwa kawaida mtoto husoma katika shule ya eneo anamoishi. Mwaka 1988 Albert Shanker, rais wa chama kikubwa cha walimu, alitetea hadharani wazo la kuwaruhusu walimu waanzishe shule za umma zenye uhuru wa kujaribu mambo mapya. Jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya kwanza mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992. California nayo ilitunga yake mwaka huo huo. Leo nchi nzima ina shule za aina hii zaidi ya 7,000.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Serikali hutoa fedha kwa kila mwanafunzi, kama inavyotoa kwa shule nyingine za umma. Asasi isiyo ya kibiashara huendesha shule. Kati yao upo mkataba unaosema shule imeahidi nini, na California mkataba wa mara ya kwanza hautolewi kwa zaidi ya miaka mitano bila kupitiwa upya. Hakuna ada, na hakuna mtihani wa kuchuja wanaoomba nafasi. Wakiomba wengi kuliko nafasi, hupigwa kura ya bahati nasibu. Wala shule ya mkataba haiwezi kuwa ya dini: mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika 4 kwa 4 katika kesi ya shule ya Kikatoliki ya Oklahoma iliyotaka mkataba kama huo, na hivyo uamuzi wa mahakama ya jimbo wa kuikatalia ukabaki palepale. Hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Shule ya Rosenstock inaitwa High Tech High. Ilifunguliwa mwaka 2000 katika jengo la kituo cha zamani cha mafunzo ya wanamaji, eneo la Point Loma. Waliosukuma wazo la kuianzisha walikuwa wafanyabiashara wa San Diego waliolalamika kwamba wanakosa wahandisi na mafundi. Familia ya Jacobs, ya kampuni ya Qualcomm, ilitoa msaada mkubwa wa fedha. Yafaa tuliseme hili mapema, kwani wanaosifu shule hii mara nyingi husahau kwamba haikuanza na mikono mitupu. Ilianza kama sekondari moja, ikazaa nyingine, na leo ni mtandao wa shule kuanzia za watoto wadogo hadi za vijana, pamoja na chuo chake cha kuwaendeleza walimu.

San Diego ni jiji la pwani, na mpaka wa Mexico uko mwendo mfupi tu kwa gari. Lina vitongoji kama La Jolla, ambako nyumba zinazotazama bahari ni za matajiri, na vitongoji kama City Heights, ambako wakimbizi kutoka Somalia, Vietnam na kwingineko wamepanga vyumba kwa miaka mingi. Shule ya kufuata eneo ingeupokea mgawanyiko huo kama ulivyo. High Tech High haikutaka hivyo, lakini pia haikuweza kuchagua watoto kwa rangi zao, kwa sababu tangu mwaka 1996 katiba ya California inazuia taasisi za umma kumpendelea au kumbagua mtu kwa rangi au asili yake. Njia waliyoichukua ni anwani. Kompyuta inayopiga kura huzingatia msimbo wa posta wa kila mwombaji, ili kila sehemu ya jiji ipate nafasi zake. Msimbo wa posta hautaji rangi ya mtu wala mshahara wa baba yake. Hata hivyo, katika jiji ambalo watu wanakaa kwa makundi, unasema mengi.

Basi watoto wamekwisha kuchanganyika getini. Je, inatosha?

La hasha. Zipo shule nyingi mijini, Marekani na kwingineko, ambazo ukisimama getini asubuhi unaona kila aina ya mtoto, lakini kengele ikilia wanagawanyika. Wa mkondo wa juu wanakwenda kwa mwalimu hodari, wa mkondo wa chini wanakwenda kwa mwalimu mgeni, na wenye ulemavu wanakwenda chumba cha mwisho karibu na stoo. Hapo jengo ni moja na shule ni tatu. High Tech High iliamua kutokuwa na mikondo. Mwanafunzi anayetaka kazi nzito zaidi ili imsaidie kuingia chuo kikuu huifanya akiwa ndani ya darasa lile lile, pamoja na mwenzake ambaye bado anahangaika na aya moja.

Kwa upande wa watoto wenye ulemavu, sheria ilikwisha kutangulia. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu, baada ya kubaini kwamba watoto milioni moja walikuwa wamefungiwa nje kabisa ya shule za umma. Sheria hiyo inataka kila mtoto wa namna hiyo awe na mpango wake ulioandikwa, uliokubaliwa pamoja na wazazi, na asome pamoja na wenzake wasio na ulemavu kwa kadiri inavyofaa. Shule ya mkataba, kwa kuwa ni ya umma, inafungwa na sheria hiyo kama nyingine.

Lakini sheria humfikisha mtoto mlangoni na kumpa kiti. Haiwezi kumfanya awe na kazi ya kufanya akishaketi. Naomba niseme la kwangu hapa, kwa aibu kidogo. Nilipokuwa katika mwaka wa kichungaji nilitumwa kufundisha biolojia katika shule moja ya sekondari. Kidato cha pili kulikuwa na kijana mwenye uoni hafifu. Tulimweka dawati la mbele, tukaandika katika ripoti kwamba shule yetu ina elimu jumuishi, nami nikaendelea kujaza ubao kwa chaki kama kawaida. Jioni rafiki yake alikuwa akimsomea daftari. Kwa muhula mzima sikumsikia akijibu swali. Siku moja tulipofika somo la mzunguko wa damu nilipita buchani nikanunua moyo wa ng'ombe, nikaupasua juu ya meza na kuwaambia waupitishe mkono kwa mkono. Wenzake walishika kwa ncha za vidole wakicheka. Yeye aliingiza kidole gumba ndani, akakaa nao muda mrefu, kisha akauliza kwa nini ukuta wa upande mmoja ni mnene sana kuliko wa upande mwingine. Hakuna aliyekuwa amelitambua hilo, nami sikuwa nimelisema bado. Upande mnene ni ule wa kushoto, unaosukuma damu mwili mzima, wakati wa kulia unaisukuma hadi kwenye mapafu tu. Alikuwa ameligundua jibu kwa kidole kabla hajalijua kwa jina.

Kwa sababu hiyo nadhani mambo mawili ambayo watu wa elimu huyaandika katika sura tofauti, yaani kujifunza kwa vitendo na elimu jumuishi, ni jambo moja. Darasa la kunakili ubaoni lina mlango mmoja tu: jicho zuri na mkono mwepesi wa kuandika. Asiye navyo atakaa humo kama mgeni hata ukimpa kiti cha mbele. Kazi ya kweli ina milango mingi.

Tuchukue mfano wa San Diego ambao unatugusa moja kwa moja. Wanafunzi wa biolojia wa High Tech High waliwahi kufanya mradi juu ya nyamapori ya magendo barani Afrika. Nyama ikishakaushwa au kuokwa kwa moshi, hakuna askari wa wanyamapori anayeweza kuapa kwa macho yake kwamba hii ni ya swala na ile ni ya mbuzi. Mshitakiwa atasema ni mbuzi, na kesi itaishia hapo. Lakini vinasaba havifichiki kwa moshi. Ipo sehemu ya jeni moja, yenye urefu wa herufi 650 hivi, ambayo hutofautiana kati ya spishi na spishi kiasi cha kutumika kama alama ya utambulisho. Unachukua kipande kidogo cha nyama, unatoa vinasaba vyake, unaizidisha sehemu ile hadi ipatikane ya kutosha kusomwa, kisha unalinganisha herufi zake na hazina ya spishi zilizokwisha kujulikana. Vijana hao wa sekondari walijifunza kazi hiyo katika maabara yao, na baadhi yao wakasafiri hadi Tanzania kuwaonyesha watu wa uhifadhi jinsi inavyofanyika.

Angalia kazi hiyo inadai nini. Inadai mkono uliotulia wa kupima matone madogo, mtu mvumilivu wa kurudia jaribio lililoharibika, na anayeweza kusoma sheria na kuzieleza. Lazima awepo wa kusimama mbele ya wageni na kuzungumza, na wa kuuliza kama ni haki kumfunga mtu aliyewinda kwa ajili ya chakula cha watoto wake. Hakuna kijana mmoja mwenye yote hayo. Mwenye alama za juu za mtihani anaweza kuwa ndiye anayemwaga matone. Wanafunzi wa shule hiyo hiyo waliwahi pia kuchunguza viumbe wa ghuba iliyo jirani na darasa lao wakatunga vitabu vya mwongozo, kimoja kikiwa na dibaji ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe. Kitabu kinachochapwa na kuuzwa hakimwulizi mwandishi wake alitoka mkondo gani.

Sasa tuingie kidogo jikoni, maana mwalimu anayesoma makala hii atataka kujua hupikwaje. Kwanza, mwalimu huufanya mradi yeye mwenyewe kabla ya kuwapa wanafunzi, ili ajue msumari utapindia wapi. Pili, huupeleka kwa walimu wenzake waukosoe. Walimu wawili wa masomo tofauti, tuseme wa fizikia na wa historia, hushirikiana kundi moja la wanafunzi, na hivyo wanamjua kila mmoja. Kila mwanafunzi ana mwalimu mlezi ambaye humtembelea nyumbani na kuketi na wazazi wake. Kila mradi una siku ya maonyesho, ambapo wazazi na watu wa mjini huingia na kuuliza maswali. Mwisho wa muhula mwanafunzi husimama mbele ya jopo na kueleza amejifunza nini na amekwama wapi. Kunakili jibu la jirani hakusaidii hapo.

Jambo ninaloliona la thamani kuliko yote ni namna ya kukosoana. Hapa anaingia fundi seremala wa pili. Ron Berger alifundisha shule ya msingi ya kijijini huko Massachusetts kwa zaidi ya miaka 25, huku akifanya useremala. Mfano wake uliopendwa sana unatoka Anser Charter School, shule ya mkataba ya mjini Boise, jimbo la Idaho. Mtoto wa darasa la kwanza alitakiwa kuchora kipepeo kutoka kwenye picha, kama mwanasayansi anavyochora. Mchoro wa kwanza ulikuwa kipepeo wa kila mtoto, mabawa ya mviringo na kichwa. Wenzake wa darasa la kwanza walikaa wakautazama pamoja na ile picha. Walishauri kwanza juu ya umbo la bawa tu: hapa lina pembe, hapa lina mkia. Akachora tena. Umbo lilipokaa sawa, wakashauri juu ya milia. Mchoro wa sita unaweza kuingia katika kitabu cha biolojia. Kanuni ya Berger ni kwamba ukosoaji uwe wa upole, uwe mahususi, na usaidie. Kusema "mchoro mzuri" ni upole usiomsaidia mtoto hata kidogo. Kwangu mimi michoro ile sita inafundisha zaidi kuliko mashine zote za San Diego, tena gharama yake ni karatasi na penseli.

Hata hivyo, tusiwauzie watu mbuzi kwenye gunia. Kujifunza kwa miradi kuna hatari zake, na mtoto dhaifu ndiye anayeumia kwanza. Katika kundi la watoto wanne, mmoja hufikiri, wawili hubishana, na wa nne hupewa gundi na rangi. Wa nne huyo ni nani? Mara nyingi ni yule yule ambaye zamani angepelekwa chumba cha karibu na stoo. Ametoka chumba cha nyuma na kupata pembe ya nyuma ya meza, na maonyesho yakifika atapigwa picha akitabasamu. Mwalimu asiyegawa kazi kwa makini, asiyemwuliza kila mmoja peke yake, hajajenga elimu jumuishi hata kama darasa lake lina msumeno na kompyuta.

Vilevile kuna mambo ambayo mradi hauyafundishi vizuri. Mtoto anayeshindwa kuunganisha herufi na sauti anahitaji kufundishwa hatua kwa hatua, kila siku, na mtu anayejua kazi hiyo, na hatajifunza kusoma kwa kujenga daraja la vijiti. Hesabu nazo zina mpangilio wake, huwezi kungoja mradi udai sehemu ndipo uzifundishe sehemu. Wazazi na wakosoaji wengi wa shule za miradi wamelalamikia hesabu hasa, na mimi nadhani wana haki. Lipo pia lalamiko zito zaidi juu ya shule za mkataba kwa ujumla: mtoto anayehamia huko huhama na fedha zake, na shule ya mtaani anayoiacha hubaki na jengo lile lile, joto lile lile, na kipato pungufu. Tena bahati nasibu ni ya haki kwa walioingia ndani yake tu. Mama anayefanya kazi za usiku na asiyejua Kiingereza huenda asisikie kamwe kwamba kura inapigwa. Msimbo wa posta haumtafuti.

Kwetu Tanzania tuna kumbukumbu yetu ya jambo hili. Azma ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuwa kuunganisha jembe na kitabu, lakini katika shule nyingi shamba liligeuka adhabu ya wachelewaji, na hakuna aliyepima eneo lake katika kipindi cha hesabu. Mkono na kichwa vilikaa katika shule moja bila kusalimiana.

Mwaka 2015 ilitoka filamu juu ya High Tech High, iitwayo Most Likely to Succeed, iliyoongozwa na Greg Whiteley. Inawafuata wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari waliopewa kazi ya kujenga mashine kubwa ya gia za mbao, ili kueleza kwa nini staarabu huinuka na kuanguka. Kijana mmoja alitaka sehemu ya kundi lake iwe bora mno, akakataa kuridhika na iliyotosha, akachelewa. Usiku wa maonyesho ulifika, wazazi wakaingia, mashine ya wengine ikazunguka, na sehemu yake haikuwa tayari. Mahali pengine angepewa sifuri na mambo yangeishia hapo. Yeye alirudi wakati wa likizo, shule ikiwa tupu, akaendelea kukata na kupiga msasa hadi gia zikaumana na kuzunguka. Hapakuwa na alama iliyobaki ya kutafuta.